Mmepokea Hela, au Mmepokea Hela?

Juma hili sitazungumzia bei ya mchele wala foleni ya Mbagala. Nataka kuzungumzia alama moja ndogo ya uandishi, ile inayofanana na ndoano iliyoning'inia juu ya nukta, ambayo mwalimu wa shule ya msingi alitufundisha kuiweka mwisho wa swali. Alama hiyo niliisahau siku moja ya Januari 2020. Kuisahau kwangu kulininyang'anya shangazi yangu kwa karibu mwaka mzima, na kulininyang'anya maziko ambayo siwezi kuyarudia tena.

Kwetu ni Njinjo. Kwa wasiopajua, ukitoka Dar es Salaam kwa basi la Lindi au Mtwara unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, unapita Somanga, na ukifika Nangurukuru unashuka. Lami inaendelea na safari yake ya kusini, nawe unashika barabara ya Liwale kuelekea bara, kwa gari dogo au kwa pikipiki. Ni wilaya ya Kilwa, lakini si ile Kilwa ya magofu na watalii. Ni Kilwa ya ufuta, mpunga na mahindi, na ya Mto Matandu.

Januari 2020 mvua ilinyesha Kilwa na Liwale mpaka mito ikasahau njia zake. Mtakumbuka habari zile. Vijiji vilizama, watu walikufa, maelfu wakabaki bila makazi, na mashamba yaliyokuwa yanakaribia kutoa mahindi yakawa matope. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alitoka nyumbani kwake usiku na wajukuu wawili na kanga aliyojifunga.

Sisi wa Dar es Salaam tulifanya kile ambacho watu wa mjini hufanya siku hizi. Tukafungua grupu la WhatsApp. Kila mtu akatoa alichokuwa nacho, ikapatikana shilingi laki tatu na arobaini elfu, nami nikaituma kwenye simu ya binamu yangu aliyeko Njinjo, mtoto wa huyo shangazi. Mtandao kule ulikuwa unakuja na kuondoka. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu, nikiwa nakimbilia studio kusoma taarifa ya habari ya saa saba, nikaandika kwa kidole gumba kwenye lile grupu maneno mawili: "Hela mmepokea".

Nililiandika kama swali. Moyoni mwangu lilikuwa swali, tena swali la mtu mwenye hofu. Nilitaka kujua kama wako hai.

Baada ya saa tano likaja jibu la neno moja: "Haya."

Ndugu wasikilizaji, mimi sikuwa nimelala sawasawa kwa siku tatu. Lile "Haya" lilinichoma. Nikaona watu hawa tumewachangia, tumekopa wengine, na jibu ni haya? Nikaandika: "Asante." Lile asante nalo mnalijua, asante ya mtu anayekukumbusha kwamba wewe ndiye ulipaswa kuisema. Ndipo mdogo wangu wa Mbagala, ambaye ni mtani wa huyo binamu kama ilivyo desturi yetu mabinamu kutaniana, akaingia na utani wake: "Kumbe mafuriko yameondoka na shukrani pia." Akaweka na kile kikatuni cha uso unaocheka mpaka unatoa machozi.

Dakika moja haikupita, ikatokea ile sentensi fupi ambayo simu inajiandikia yenyewe, kwamba binamu yangu ametoka kwenye grupu. Tangu siku hiyo Njinjo hawakupiga simu, nasi hatukupiga. Kila upande ulikuwa unasubiri kuombwa radhi.

Sasa tulitazame jambo lenyewe. Mazungumzo haya mnayasikia redioni, lakini huwa yanachapwa gazetini pia. Wewe unayenisikia sasa hivi utaitambua tofauti nikisema: "Mmepokea hela?" halafu nikisema: "Mmepokea hela." Sauti yangu imepanda mara moja na imeshuka mara moja, basi. Maneno ni yale yale, kwa mpangilio ule ule. Msomaji wa gazeti hana sauti yangu. Ana ile ndoano na nukta tu, na mpiga chapa akizisahau, msomaji amepotea.

Hivi ndivyo Kiswahili chetu kilivyo. Mwingereza akitaka kuuliza hubadili mpangilio wa maneno, kitenzi kikatangulia, na hata asipoweka alama swali linajulikana. Sisi swali la ndiyo au hapana tunaliuliza kwa mahadhi. Umekula. Umefika. Umechukua funguo. Yote hayo kwa sauti moja ni maswali ya mapenzi, na kwa sauti nyingine ni mashtaka. Wazee walikuwa na dawa yake, neno dogo "je", lakini sisi wa leo tumeliacha kwenye vitabu vya sarufi kana kwamba linagharimu bando.

Na hilo "haya"? Hebu lihesabuni wenyewe. Mtu akikuaga ukamwambia haya, umemruhusu kwa wema. Ukimwambia mtoto haya, umemwamuru aanze. Mtu akikutishia ukasema haya, umemkaribisha ugomvi. Mkeo akikusikiliza mpaka mwisho akasema haya, hapo mwenzangu usilale, maana mazungumzo hayajaisha. Bado hatujaitaja haya ile ya kuona aibu. Neno moja, herufi nne, na kinacholitenganisha ni koo, macho na mabega ya anayelitamka. Ukilitia kwenye simu umetuma herufi nne, na koo lako limebaki nyumbani.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Waliwapa watu sentensi za kuwapelekea wenzao, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, wengine kwa maandishi na wengine kwa sauti. Kwanza waliwauliza watumaji: mnadhani mwenzenu atatambua mara ngapi? Watumaji, wa maandishi na wa sauti, walitabiri kiasi cha mara 78 katika 100. Waliosikiliza sauti walipatia karibu robo tatu, si mbali na utabiri. Waliosoma maandishi walipatia mara 56 tu. Kumbukeni kwamba ukifumba macho na kurusha shilingi juu utapatia mara 50. Maana yake, aliyesoma alikuwa anabahatisha, na aliyeandika alikuwa na uhakika kwamba ameeleweka.

Kwa nini mwandishi awe na uhakika hivyo? Jibu liko kwenye jaribio jingine, la mwanamama Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1990. Aliwaambia watu wapige kwa vidole juu ya meza mapigo ya wimbo unaojulikana na kila mtu, na mwenzao akisie ni wimbo gani. Wapigaji walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Zilipigwa nyimbo 120, zikatambuliwa 3.

Jaribuni leo jioni nyumbani, mtacheka. Ukipiga meza, kichwani mwako unasikia wimbo wote, na zumari na waitikiaji. Mwenzako anasikia ko, ko, ko. Ndivyo ilivyo meseji. Mimi nilipoandika "Hela mmepokea" nilisikia kichwani sauti yangu yenye wasiwasi. Njinjo ilifika ko, ko, ko.

Watu wa kompyuta waliyaona matatizo haya mapema. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, wasomi waliokuwa wakiandikiana kwa kompyuta walifanya mzaha kuhusu zebaki kumwagika kwenye lifti, na wako waliodhani ni tahadhari ya kweli. Tarehe 19 Septemba mwaka huo mwalimu mmoja, Scott Fahlman, akapendekeza kwamba anayetania aweke nukta mbili, kistari na mabano, ambavyo ukilaza shingo unaona uso unaotabasamu. Huyo ndiye babu wa vikatuni vyote tunavyotumiana leo.

Lakini na vikatuni navyo vinahitaji mkalimani. Ule uso unaocheka na machozi, kijana anaujua ni wa kicheko. Mama yake mtu mzima, asiyeona vizuri bila miwani, anaona machozi na kuuweka kwenye habari ya msiba. Viganja viwili vilivyokutana kwa mmoja ni dua, kwa mwingine ni asante, kwa wa tatu ni samahani. Tumeongeza herufi, sauti bado hatujaipata.

Msidhani ni mambo ya kununiana tu. Januari 2010 huko Uingereza kijana mmoja, Paul Chambers, alikuwa anataka kusafiri, na theluji ikaufunga uwanja wa ndege wa Robin Hood. Kwa hasira ya mzaha akaandika Twitter kwamba wakichelewa kuufungua ataulipua. Rafiki zake walijua anatania. Polisi walimkamata, mahakama ikamtia hatiani, na kazi akaipoteza. Ilichukua mpaka Julai 2012 kwa Mahakama Kuu ya London kuifuta hukumu ile na kukubali kwamba ulikuwa utani. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo inasoma kilichoandikwa. Uso uliokuwa nao wakati unaandika hauwezi kuletwa kizimbani.

Lakini nisiwapeleke mbali, turudi Njinjo.

Novemba 2020 mume wa shangazi alifariki. Ndiye mzee aliyenifundisha kuvua kambare nilipokuwa napelekwa kule likizo za shule. Taarifa niliipata siku ya nne, kwa mtu wa pembeni, tena kwa kuniuliza mbona sikuonekana msibani. Nilikaa kwenye kiti cha ofisini nikashindwa kusoma habari za saa kumi. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu grupu lilishakufa na simu zilishanuna.

Nikaenda kwenye arobaini. Niliingia uani kwa shangazi nimeshika sukari na mchele, nikapiga goti, nikasema shikamoo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Umekuja kudai?"

Sikuelewa. Jioni, watu walipopungua, ndipo tukaketi naye na binamu yangu, na kila mmoja akatoa lake. Hapo nikajua mambo ambayo WhatsApp haikunionyesha.

La kwanza, shangazi hakuisoma meseji yangu. Shangazi hasomi. Siku ile simu alikuwa nayo mjukuu wake wa miaka kumi na minne, na walikuwa wamekaa mahali pa hifadhi pamoja na majirani wengi. Mtoto akasoma kwa nguvu kama wanavyosoma darasani, bila kupanda wala kushuka: "Hela mmepokea." Majirani wote wakasikia. Shangazi, ambaye juzi yake alikuwa ametoka majini na kanga moja, akasikia mtoto wa kaka yake akimwambia mbele ya watu kwamba hela mmekwisha pewa, msiombe tena.

La pili, na hili ndilo linaloniuma hadi leo, ni lile "Haya." Pamoja na uchungu wake shangazi alimwambia mjukuu: "Mwambie haya, tumepokea, Mungu awazidishie, na mwambie mzee amepona, na watoto wamepona, na nyumba imekwenda lakini sisi tupo." Mtoto akatazama chaji ya simu, imebaki kidogo, na pa kuchajia hapakuwepo. Akaandika neno la kwanza, akaweka nukta kama alivyofundishwa shuleni, akatuma.

Dua nzima ilibaki Njinjo. Mimi nikapokea herufi nne na nukta, nikazijibu kwa kejeli.

Yule mtoto alikuwa amekaa pale pembeni akisikiliza. Akaanza kulia. Shangazi akamwambia anyamaze, kosa si lake. Nami nasema kosa si lake. Mtu wa miaka arobaini na zaidi, mwenye stashahada ya uandishi wa habari, anayekula kwa sauti yake, ndiye aliyetuma maneno bila sauti kwa watu waliokuwa wametoka kuzama.

Nilipoanza kazi hii, mzee mmoja aliyetufundisha utangazaji alikuwa akituambia tangazo la kifo lisisomwe kama bei ya korosho. Nimelifuata neno hilo miaka yote nikiwa studio. Sikujua kwamba linahusu na simu iliyoko mfukoni.

Usiku ule nilimkumbuka baba na barua zake. Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka barua zile. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nusu ukurasa umekwisha na jambo halijaguswa. Tulipokuwa vijana tulizicheka, tukaona ni kupoteza wino. Leo naona mzee alikuwa hapotezi kitu. Alikuwa anaweka uso wake juu ya karatasi kabla ya kusema shida yake. Hata barua ile ikisomwa na mtoto kwa kukariri, ukifika kwenye "nakuomba fedha" au "sikubaliani nawe", umekwisha jua anayesema anakupenda.

Na kabla ya barua, watu wa upande ule ule wa kwetu walijua kwamba neno zito linatembea kwa mdomo. Kabla ya Vita vya Maji Maji, habari za Kinjikitile wa Ngarambe zilienea Umatumbi kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, na mnong'ono huo wakauita Njwiywila. Mwisho wa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba na vita vikaanza. Bila shaka walinong'ona kwa ajili ya siri. Lakini aliyenong'onezwa aliweza pia kumtazama aliyemnong'oneza machoni, akapima kama anatania au amekusudia.

Sisemi tutupe simu. Laki tatu na arobaini ile isingefika Njinjo kwa mnong'ono wakati barabara ziko chini ya maji. Nasema tujue chombo hiki kinabeba nini na kinaangusha nini njiani. Jambo la soko, la saa ya kukutana, la namba ya akaunti, liandike, litafika. Jambo la fedha za msaada, la ugonjwa, la kifo, la mtu aliyekukosea, piga simu. Ikishindikana kupiga, basi sema kwa sauti kwenye ujumbe wa sauti, kwa maana siku hizi hata hilo lipo. Na ukilazimika kuandika, anza na shikamoo, weka "je", weka na ile ndoano yenye nukta. Usimwandikie mtani wako utani wa msibani mbele ya watu ishirini, kwa kuwa utani unahitaji bega la kupiga.

Na ukipokea wewe? Kabla hujanuna, lirudie neno lile kwa sauti ya mwenzako pale anapokuwa mwema. Mimi kama ningelisoma "Haya" kwa sauti ya shangazi yangu aliyenilea likizo zangu zote, ningemsikia. Nililisoma kwa sauti ya uchovu wangu mwenyewe. Bado huelewi, uliza. Kuuliza si ujinga. Simu ya dakika mbili siku ile ingenipeleka kwenye maziko ya Novemba.

Yule mjukuu sasa ni kijana mkubwa, ana simu yake. Mwezi uliopita nilikuwa safarini, usiku akaniandikia neno moja: "Umefika". Hakuweka alama. Nilikaa nalitazama kidogo, kisha nikampigia.